Nimedimu

Usiku wa kwanza nilipoendesha pikapu ya baba peke yangu, kila gari lililotoka mbele lilinipigia fulu. La kwanza lilikuwa lori pale Soko Mjinga. Nikadhani dereva ananisalimia. La pili likaongeza na honi. Kufika Limuru, ukungu umelala juu ya lami, nilikuwa nimepigiwa fulu mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Nikakihakiki kijiti cha taa. Kilikuwa mahali pake. Ile taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi ilikuwa imezima.

"Si nimedimu!" nikapiga kelele, mimi na magunia ya viazi tu.

Halafu nikanyamaza. Neno hilo halikuwa langu. Lilikuwa la baba, na nilikuwa nimelisikia tangu utotoni bila kuliamini hata siku moja.

Mwaka 1997, mwaka ule wa mvua ya El Niño, baba alikuwa akitoka Kinangop saa nane au tisa za usiku ili viazi vifike Wakulima, yaani Marikiti, kabla hakujapambazuka. Alfajiri moja, kwenye kona kabla ya lami, alikutana na mzee aliyebeba maziwa kwa baiskeli. Mzee yule aliingia mtaroni na baiskeli yake na mikebe yake, akavunjika mguu. Baba alimpeleka hospitali, akalipa matibabu, akalipa na maziwa. Wazee walipokaa kusikiza kesi, baba alisema jambo moja tu: "Nilikuwa nimedimu." Mzee wa maziwa naye akasema: "Uliniwashia jua usoni."

Nani angemwamini mwenye gari na kumwacha aliyevunjika mguu? Kuanzia siku hiyo kijijini baba aliitwa Fulu. Mimi nilikuwa mtoto wa Fulu hadi nilipomaliza shule ya msingi. Nilichukia jina hilo, lakini moyoni niliungana na walioliita. Niliona ni afadhali mtu akubali kosa kuliko kung'ang'ania uongo mdogo namna ile kwa miaka.

Baba sasa macho yake yamechoka na haendeshi tena. Pikapu ameniachia mimi. Makala hii inahusu taa zake za mbele, lakini ni historia vilevile, kwa sababu nimegundua kwamba huwezi kurekebisha taa za gari la zamani bila kujua nani alitawala soko la magari hapa kwetu, na lini.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, namba zake za kabla ya KAA kuanza. Walioanza kuangalia barabara enzi za Probox huenda hawajui 504 ilikuwa nini. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka Ulaya. Huku kwetu ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Ziliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha AVA. Zile ndefu zilibeba abiria wa safari za mbali, na pikapu zikabeba kila kitu kingine, watu wakiwemo. Nadhani hakuna mzazi wa Kinangop wa umri wa baba ambaye hajawahi kukaa nyuma ya moja, magoti yakigonga gunia.

Taa za 504 yetu zilitengenezwa kwa balbu ya Ulaya ya zamani, ya wati 45 kwa fulu na 40 kwa dimu. Hiyo ni balbu moja yenye nyuzi mbili ndani. Wazo hilo ni la kitambo. Kampuni ya Osram ya Ujerumani iliitoa balbu yake ya nyuzi mbili, Bilux, mwaka 1925. Ujanja wake uko kwenye uzi wa dimu. Chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya kile kioo kilichopinda ndani ya taa. Mwanga unapiga nusu ya juu peke yake, na kutoka hapo unaelekezwa chini, barabarani. Mwaka 1957 Wazungu waliuboresha, wakaufanya upande mmoja wa dimu upande juu kidogo ili kumwonyesha dereva watu walio kando ya njia. Kwa sisi tunaoshika kushoto, kama Mwingereza alivyotuachia, upande huo ni wa kushoto. Taa iliyotengenezewa nchi inayoshika kulia, ukiifunga hapa, itainua mwanga wake moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja.

Kwa hiyo kudimu ni suala la umbo. Nguvu ya balbu ni jambo jingine kabisa. Uzi usipokaa pale hasa ulipopangiwa, kikombe kinakinga mahali pasipofaa, na mwanga unaruka juu hata kama kijiti kinasema umedimu.

Kila nchi ilikuwa na sheria yake kuhusu jambo hili. Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1940, iliamuru taa iliyofungwa yote, kioo na uzi pamoja, ikiungua unatupa nzima. Ulaya ilibaki na balbu ya kuchomoa. Wafaransa, kwa zaidi ya miaka 50 hadi 1993, walitaka mwanga wa mbele uwe wa manjano. Land Rover za Waingereza, hadi kati ya miaka ya 1960, zilifunga chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Waya zao zilikuwa na lugha yake: bluu na mstari mweupe ni fulu, bluu na mstari mwekundu ni dimu, nyeusi ni bodi. Fundi aliyejifunza kwenye Land Rover alikuwa akizisoma rangi hizo kama alfabeti. Lakini alfabeti hiyo haikusomeka kwenye gari la Mfaransa, wala la Mjapani.

Halafu ikaja halojeni. Balbu ya H4, ya nyuzi mbili, wati 60 kwa 55, ilianza kutumika Ulaya mwaka 1971. Ilikuwa na mwanga mwingi kuliko ya zamani, na pini zake tatu nyuma zilikuwa na mpangilio uleule, kwa hiyo soketi ya zamani iliingia bila shida. Kilichotofautiana ni kitako. Kile cha zamani kilikuwa na upana wa milimita 45. Cha H4 kina 43. Tofauti hiyo ni kama kufuli. Inakuambia kwamba balbu hii haikutengenezewa taa hii.

Milimita mbili. Zishike hizo.

Niliporudi kutoka Marikiti usiku ule, niliamua tatizo ni waya zilizochoka. Nilikuwa nimeona video za kutosha kujidanganya. Nikaagiza mtandaoni waya mpya zilizofungwa tayari, za kutoka Uchina, zenye rilei mbili, fyuzi, na soketi za H4. Maelezo yalisema unachomeka tu. Unachomoa soketi ya zamani kwenye balbu moja, unaichomeka kwenye waya mpya, unafunga waya mbili za betri, basi. Nilifanya hivyo Jumamosi nyumbani. Nikawasha.

Giza. Dimu hakuna, fulu hakuna. Rilei hazikutoa hata ule mlio wa "tik."

Nikarudisha waya za zamani, na Jumatatu mchana nikashuka Grogan. Barabara yenyewe sasa inaitwa Kirinyaga, lakini jina la yule mlowezi aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo limekataa kutoka midomoni mwa mafundi. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa waya. Amefanya kazi ya umeme wa magari tangu miaka ya 1970. Ana kiti cha plastiki, sanduku la mbao, na testa: balbu ndogo yenye waya mbili, moja ina klipu na nyingine ina sindano.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, msichana wangu. Hii ni ya babako?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Kijana hanunui hii. Hii mtu hupewa."

Nikamwonyesha waya zangu za Uchina na kumweleza lile giza. Hakuzigusa. Aliniambia niwashe taa, akachomoa soketi moja, akafunga klipu ya testa kwenye chuma cha bodi, na kugusa pini zile tatu kwa sindano. Kwa mpangilio wa Ulaya, pini ya pamoja ingekuwa ya bodi, na umeme ungekuja kwenye pini ya dimu au ya fulu. Testa iliwaka kwenye pini ya pamoja.

Mzee akacheka kidogo. "Hii sura ni Mfaransa. Roho ni Toyota."

Akanifungulia kifuniko cha chini ya usukani. Kijiti cha taa hakikuwa cha Peugeot. Siku moja, kile cha asili kilivunjika, na fundi fulani akafunga cha Hilux pamoja na waya zake. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinapeleka chanya kwenye balbu kwanza, kwenye pini ya pamoja, halafu swichi inachagua ni uzi upi ushushwe kwenye hasi. Peugeot inafanya kinyume: hasi inakaa, chanya ndiyo inachaguliwa. Balbu yenyewe haijali, uzi unawaka umeme ukipita upande wowote. Kwa hiyo ndoa ile ilidumu miaka mingi bila mtu kujua. Lakini waya zangu mpya zilitarajia kupokea chanya kutoka pini ya dimu na pini ya fulu ndipo zishtue rilei. Hapo hapakuwa na chanya ya kupokea. Kulikuwa na swichi inayotoa hasi, na rilei yenyewe tayari ilikuwa na hasi upande wa pili. Hasi kwa hasi, hakuna kinachotembea.

"Yule fundi hakukosea," mzee alisema. "Alipata Toyota, akafunga Toyota. Wewe ungepata wapi kijiti cha Peugeot wakati huo?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini. Mapema miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni, na magari ya mitumba ya Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Viwanda vya kuunganisha magari vikabaki na kazi kidogo. Darasani tulifundishwa jambo hili kwa maneno makubwa: soko huria, marekebisho ya kiuchumi. Pale Grogan lilikuwa jambo dogo la kushikika. Mzee alisema aliliona kwenye rafu za maduka. Vipuri vya Peugeot vilianza kupungua na vya Toyota vikajaa. Na balbu za kitako cha 45 zikawa za kutafutwa, huku H4 zikiuzwa hadi kwenye vibanda.

Akachomoa balbu ya kulia ili anionyeshe. Ikatoka na kitu kingine: utepe mwembamba wa bati, umekunjwa kuwa duara, umeota kutu. Upande mmoja rangi ilikuwa bado inaonekana. Ilikuwa kipande cha mkebe wa Kimbo.

"Angalia," alisema, akiweka balbu kiganjani mwangu. "H4 ya 43, kwenye nyumba ya 45. Inacheza. Wakakata mkebe wakakaza. Lakini ukikaza hivi, inakaa upande. Huu uzi wa dimu hauko mahali pake. Unadimu, lakini mwanga unaenda juu."

"Tangu lini?"

Aligeuza bati lile mkononi. "Kimbo ya mkebe wa bati? Zamani. Wewe ulikuwa mtoto."

Nilisimama pale Grogan, mikokoteni ikinipita, na nikamwona mzee wa maziwa mtaroni. Alisema baba alimwashia jua usoni. Ilikuwa kweli. Baba alisema alikuwa amedimu. Ilikuwa kweli pia. Wazee walikuwa wamewekwa katikati ya kweli mbili wakalazimika kuchagua moja, kwa sababu hakuna aliyefikiria kufungua taa.

Siandiki haya ili baba aonekane hana doa. Madereva walimpigia fulu kwa miaka kama walivyonipigia mimi, na hakusimama kujiuliza kwa nini. Mtu akiwa na hakika ya mkono wake, haoni haja ya kuangalia mwanga wake umefika wapi. Mimi mwenyewe ningefunga waya mpya, balbu ileile ya 43 ingepata nguvu zaidi, na ningewapofusha watu kwa umeme bora. Leo ninaona magari ya zamani yakifungwa taa za LED kwenye nyumba za halojeni, meupe kama hospitali, na ninajua wengi wa madereva wale wangeapa kwamba wamedimu. LED yake haikai mahali ambapo uzi ulitakiwa kukaa. Ni bati la Kimbo la kizazi chetu.

Kazi ilichukua mchana mzima. Kwanza mzee alipima. Betri, injini ikinguruma, ilisoma volti 13.6. Kwenye balbu zilifika 10.8. Zilizobaki zililiwa njiani na waya nyembamba, viungo vilivyofungwa kwa gundi ya karatasi, na bolti ya bodi iliyojaa kutu. Mwanga wa balbu haupungui sawasawa na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, karibu asilimia 30 ya mwanga inaondoka. Kwa upungufu wetu, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Ndiyo maana taa hizo zilikuwa na maajabu yake: mimi hazinionyeshi barabara, na wengine zinawapofusha.

Kisha akatafuta balbu sahihi. Zipo halojeni za wati 60 kwa 55 zenye kitako cha 45, zilizotengenezwa kwa ajili ya taa za zamani. Tulizipata duka la nne. Muuzaji wa duka la pili alitushawishi tuchukue za wati 100 kwa 90, "za kusafari." Mzee akanipigia hesabu palepale. Dimu mbili za wati 40, kwa volti 12, zinavuta karibu ampea 7. Za wati 55 zinavuta 9. Za wati 90 zinavuta 15. "Swichi ilizaliwa kubeba 7," alisema. "Ukiipa 15, taa inakuwa jiko."

Waya zangu za Uchina hakuzitupa. Ukiangalia chini ya rilei yoyote, hata ya bei rahisi kabisa, utaona namba: 30, 85, 86, 87. Namba hizo ni za Wajerumani, na zimeenea duniani kote. 30 inatoka betri, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuishtua rilei. Mzee alikata ile waya ya 85 iliyokuwa imefungwa kwenye bodi, akaiunganisha na chanya ya Toyota. Sasa swichi ikishusha hasi, rilei inapata pande zake mbili. Ikalia "tik". Fyuzi akaifunga karibu na betri. Kila taa ikapewa waya yake nene ya bodi, na chuma kikasuguliwa hadi kikang'aa. Swichi ile ya Hilux sasa inabeba chini ya nusu ampea, inaamuru tu. Volti kwenye balbu zikapanda hadi 13.2.

Basi pua ya pikapu yetu ikawa hivi: taa za Mfaransa, swichi ya Mjapani, namba za Mjerumani, waya za Mchina, na mwanga unaoinuka upande wa kushoto kwa sababu ya Mwingereza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa na mwenzake kupanga. Aliyewapatanisha ni mzee wa Grogan mwenye kiti cha plastiki.

Jambo la mwisho nililifanya nyumbani, jioni, kwa maelekezo yake. Nilisimamisha gari kwenye sakafu sawa, mita 10 kutoka ukuta wa stoo. Nikapima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, nikachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho. Nikachora mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa dimu ulitakiwa kulala kwenye mstari wa chini, halafu upande juu kidogo kushoto. Nikazungusha skrubu polepole. Kwa mara ya kwanza niliona dimu ya 504 ikiwa na ukingo, kama shuka lililokunjwa vizuri.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, amejifunga blanketi. Sijui aliona kiasi gani. Nikaenda nikamwekea mkononi lile bati la Kimbo, nikamweleza yote, kitako cha 43 na nyumba ya 45. Akalipapasa kwa kidole gumba.

"Baba," nikasema, "ulikuwa umedimu."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atacheka, au atauliza jina la fundi aliyekata mkebe.

"Yule mzee bado yuko hai?" akauliza.

"Yuko. Siku hizi anatembea na fimbo."

"Kesho nipeleke kwake," akasema. "Tuende jioni, giza likiingia. Nataka asimame mbele ya hizo taa aangalie."